Bi Mwamini Anasema Nini

Saturnini alikuwa hajavua viatu tangu jana yake mchana. Alikuwa amempeleka mjamzito Nachingwea, akangoja mpaka apokelewe, akarudi Ruangwa asubuhi na vumbi hadi kwenye kope. Sasa, saa nne na ushei, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari la wagonjwa, uani mwa kituo cha afya, chai inapoa mkononi. Alijiambia akimaliza kikombe hicho anakwenda kulala, na asitokee mtu wa kumgongea mlango.

Ilikuwa Oktoba, mwaka 2004, msimu wa korosho umepamba moto. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na sita kati ya hiyo alikuwa ameimalizia kwenye usukani. Mgongo ulikuwa unamwambia kila asubuhi.

Sista Kulthumu alitoka kwenye chumba cha redio ya upepo akijifunga upya kilemba chake cheupe. Kwa jinsi alivyokuwa hamtazami usoni, Saturnini alijua.

"Kaka Saturnini, usinichukie."

"Nimeshakuchukia. Wapi?"

"Nambilanje. Mama wa makamo, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki. Muuguzi wa zahanati alimfuata kwa baiskeli, wenyewe wakamrudisha. Wanasema ni pepo, anasema lugha isiyojulikana. Wamemwita fundi wa pepo kutoka Narung'ombe aje ampunge."

Saturnini aliimwaga chai chini. Safari za pepo ndizo zilizomchosha kuliko zote. Unakwenda saa mbili, unafika unakuta ngoma zimeshatundikwa juani zikaushwe ngozi, wazee wanakuambia asante kwa kuja, na unarudi na machela tupu. Kisha baada ya siku nne wanakuja wenyewe kukuita, na hapo unabeba mtu ambaye hakuna tena la kumfanyia.

"Na wakitukatalia?"

"Basi tutakuwa tumekataliwa," alisema Kulthumu. "Panda gari."

Kulthumu alikuwa muuguzi wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha ambayo hata mganga mkuu wa kituo aliiogopa. Mwezi Juni alikuwa amekwenda semina ya siku tatu Lindi, na tangu arudi alikuwa na neno moja: kiharusi. Njiani alilirudia tena, labda ili dereva wake asisinzie. Mtu akipatwa na kiharusi, alisema, unamwambia atabasamu uone kama mdomo unakwenda sawa. Unamwambia anyooshe mikono yote miwili, afumbe macho, uone upi unashuka. Unamsikiliza anavyoongea. Halafu unawauliza waliokuwa naye, mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi. Hilo la saa ndilo watu hawalijui, na ndilo daktari atakaloliuliza kwanza.

"Sukari je?" Saturnini aliuliza, kwa kuwa alikuwa ameshasikia habari hizo mara nyingi kiasi cha kujua kinachofuata.

"Ikishuka nayo hufanana na kiharusi. Ningempima, mashine ninayo, vijiti vyake viliisha mwezi uliopita."

Gari lilikuwa mkonga wa zamani, zile zenye bomba la hewa kando ya kioo, usukani wake umelegea, na kila shimo lilikuwa linaingia moja kwa moja kiunoni. Pande zote mbili, chini ya mikorosho, kulikuwa kumejaa watu wanaookota, wanawake wameinama, magunia yameegemezwa kwenye mashina. Hakuna aliyeinua kichwa. Saturnini alishusha kioo, akajipiga kofi shavuni mara mbili, akaendelea.

Muuguzi wa zahanati aliwangoja njia panda, akawaonyesha njia ya shambani. Familia ilikuwa imehamia huko kwa msimu: vibanda viwili vya makuti katikati ya mikorosho, mbali kidogo na kijiji. Chini ya kibanda kikubwa walikuwa watu watatu. Kijana wa miaka thelathini hivi, jina lake Ausi, ndiye mtoto wa mgonjwa. Mkewe Raudha alikuwa amepiga magoti na bakuli la uji. Na mzee Kaimu, mdogo wa marehemu baba yake Ausi, alikuwa amesimama mlangoni kama mtu anayelinda ghala.

"Shikamoo, mzee," alisema Kulthumu.

"Marahaba, mwanangu. Mmechoka na njia. Lakini hili si la sindano. Fundi yuko njiani."

"Sina sindano, mzee. Nataka kumtazama tu. Fundi akifika atanikuta, tutasaidiana."

Hakungoja jibu. Alipita chini ya mkono wa mzee, akaketi mkekani, akaliondoa bakuli mkononi mwa Raudha taratibu bila kumgombeza. "Alipokunywa alikohoa?"

"Alikohoa, sista. Kidogo kilitokea puani."

"Basi asipewe tena kitu. Hata maji. Koo limelala kama mkono ulivyolala, kitashuka kwenye pumzi."

Saturnini alibaki nje na machela begani, ameegemea nguzo, macho yanajifunga yenyewe. Kutoka hapo alimwona mgonjwa: mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, khanga ya bluu kifuani. Nusu ya uso wake ilikuwa hai, nusu nyingine ilikuwa imeteremka kama nguo iliyoloa.

"Mama, jina lako nani?" aliuliza Kulthumu.

"Bi Mwamini," alijibu Ausi.

"Namuuliza yeye. Mama, tabasamu. Nionyeshe meno." Mwanamke alimkodolea. "Inua mikono hivi." Alimkodolea tena, kisha akaanza kusema, haraka, kwa sauti ya chini iliyokwaruza, maneno yanagongana.

Raudha alijivuta nyuma. Mzee Kaimu alimgeukia muuguzi wa zahanati. "Si mnasikia? Toka alfajiri ni hivyo. Shemeji yangu nimekaa naye miaka thelathini, hajawahi kusema lugha hiyo. Huyo anayesema si yeye."

Kulthumu aliandika kwenye karatasi yake: maneno hayaeleweki. Kwake yeye hilo lilitosha. Lakini Saturnini pale nguzoni alikuwa amefumbua macho.

Neno moja lilikuwa limempiga. *Maasi.* Maji. Halafu jingine, *mooro*, moto. Halafu maji tena. Kilikuwa Kimakua, tena si kile cha watu wa Masasi anachokisikia sokoni, ambacho alikuwa amezoea kukipita kama hakielewi. Hiki kilikuwa cha ng'ambo ya Ruvuma, kimevutwa mwishoni, kama alivyokuwa akisema mama yake mzazi. Tangu amzike mama huyo, miaka ishirini na mbili iliyopita, hakuwa amekitamka. Alipoletwa nchi hii akiwa na miaka minane, watoto wa shule walimwita mkimbizi mpaka akajifunza Kimwera kuliko wao, na alipokuwa mtu mzima alisema yeye ni wa Nachingwea, basi, na watu wakaacha kuuliza. Hata mkewe Catherine aliambiwa hivyo hivyo.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa amechoka, na kunyamaza ndiko kulikokuwa na wepesi. Sista angebishana na mzee, labda angeshinda, labda angeshindwa, na yeye angerudi kulala.

"Mzee," alisema, "huyo si pepo. Anasema Kimakua."

Wote walimgeukia. Kulthumu ndiye aliyeshangaa zaidi; alikuwa amefanya naye kazi miaka mitano.

"Wewe umekijulia wapi?" aliuliza mzee Kaimu.

Ulimi wa Saturnini ulikuwa tayari kusema Masasi. "Kwa mama yangu," alisema. "Ndiyo lugha aliyonilea nayo."

"Mama hajui Kimakua," alisema Ausi. "Mama ni Mmwera. Wa Mnacho."

Mzee Kaimu alikuna ndevu. Alipoongea tena sauti ilikuwa imepungua. "Kaka yangu alimwoa Mnacho, hilo ni kweli. Kwa mzee aliyemlea. Tulisikia aliokotwa wakati wa vita ya Wareno, msichana mkubwa tu, na jina la Mwamini alipewa palepale. Mwenyewe hakusema. Sisi hatukuuliza."

"Anasema nini?" Ausi alimwuliza Saturnini. Alikuwa ameshika mguu wa mama yake kwa mikono miwili. "Baba, anasema nini?"

Saturnini aliiweka machela chini, akaingia, akachuchumaa. Alisikiliza. Ilikuwa kama kusikiliza redio ambayo stesheni inakimbia.

"Hakuna kilichonyooka," alisema mwishowe. "Maneno ni ya kweli, lakini hayakai mahali pake. Kila kitu anakiita maji. Mara moto."

Kulthumu alimshika bega. "Mwambie afumbe macho. Kwa lugha hiyo."

Saturnini alitafuta neno, akapata nusu, akakosea, akalirekebisha. Bi Mwamini alimtazama kwa mara ya kwanza, akafumba macho.

"Mwambie atabasamu."

Alitabasamu, upande mmoja tu.

"Ainue mikono."

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulijitahidi kwenye bega, ukalala. Machozi yalimtoka kwenye jicho zima, na Ausi akaanza kulia na yeye, kwa sauti, kama mtoto.

"Anaelewa," alisema Kulthumu, akifuta aliyoyaandika. "Mzee Kaimu, shemeji yako yumo humo ndani. Hajaondoka. Mshipa wa damu umeziba au umepasuka kichwani, upande wa kushoto, ndiyo maana mkono wa kulia na maneno yamekwenda pamoja. Kiswahili na Kimwera vimefungiwa, kimebaki kile cha utotoni, nacho kimevunjika. Hebu niambieni sasa: mara ya mwisho mlimwona mzima kabisa saa ngapi?"

"Alfajiri hii ndipo tulipomkuta hivi," alisema Ausi.

"Sikuuliza mlipomkuta."

Raudha aliinamisha kichwa. "Jana alasiri, sista, kisu cha kubangulia kilimdondoka mara mbili. Alisema mkono umekufa ganzi. Nikamwambia twende zahanati, akasema korosho zitaibwa, na nisimwambie Ausi. Alilala mapema. Mimi... sikumwambia."

Ausi alifungua kinywa. Kulthumu alimwahi. "Umefanya vizuri kulisema sasa. Saa ngapi alasiri?"

"Kabla ya adhana. Saa tisa na nusu."

Aliandika. Alipima presha, akaitazama mashine, akapima tena kwenye mkono mwingine: mia mbili na ishirini juu, mia moja na thelathini chini. Akamwonyesha Saturnini karatasi.

Mzee Kaimu alitoka mlangoni. "Mchukueni," alisema. "Fundi nitaongea naye mimi."

Walimlaza kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kwa khanga zilizokunjwa, ili mate yatoke yasirudi kooni. Raudha alikaa miguuni, Ausi pembeni, Kulthumu kichwani na kitambaa mkononi. Kati ya kiti cha dereva na nyuma kulikuwa na kidirisha kisichokuwa na kioo.

"Saturnini," Kulthumu aliita kabla hawajaondoka, "usikimbize, akitingishika atatapika. Na kila njia ikinyooka umwongeleshe. Mimi siwezi kujua kama anazama. Wewe unaweza."

Basi alikwenda hivyo, zaidi ya saa tatu mpaka Nachingwea, mikono inapigana na usukani na kinywa kinaita nyuma kwa lugha iliyoshika kutu. Mama, unanisikia? Mama, mkono unauma? Akikosa neno alilizunguka. Mwanzoni aliona aibu mbele ya watu, kisha aibu ikamwishia kwa uchovu. Bi Mwamini alijibu. Mara nyingi ilikuwa maji, moto, maji. Mara nyingine ilikuwa sauti tu.

Walipokuwa wameshapita mji wa Ruangwa, alisema kitu kilichonyooka. Kilitoka kizima, bila kukwama, kwa sauti si yake, ya mtu mwenye haraka:

"Mshike mdogo wako mkono. Msilie."

Gari liliyumba mpaka kwenye majani ya kando, akalirudisha.

"Nini?" alipiga kelele Kulthumu.

"Hamna. Shimo."

Hakukuwa na shimo. Ni kwamba maneno hayo alikuwa ameshayasikia, ukingoni mwa mto, yakisemwa na mama yake kumwambia dada yake Luzia, na aliyeshikwa mkono alikuwa yeye. Luzia hakupita mwaka. Surua ilimchukua kambini. Labda kila mama aliyevuka siku zile alisema hivyo hivyo. Labda huyu aliambiwa na wake, na sasa yalikuwa yamebaki peke yake kichwani, hayakupotea na mengine. Saturnini aliukamata usukani kwa mikono miwili. Aliendesha tu. Alipoweza kuita tena, aliita, "Nimemshika, mama," na hakupata jibu.

"Mama?"

Kimya. Kisha sauti ya Kulthumu, kali: "Simama!"

Alisimama katikati ya barabara, akaruka, akafungua nyuma. Bi Mwamini alikuwa ametapika, macho yamegeuka, pumzi inakoroma. Kulthumu alikuwa ameshamgeuza zaidi na kuingiza kidole kilichovikwa kitambaa mdomoni, anatoa. "Mshike taya, livute mbele. Hivyo. Usiachie." Saturnini alishika taya la mwanamke huyo, jasho linamdondokea kwenye mikono yake mwenyewe. Raudha alikuwa anasoma dua chini kwa chini. Iliwachukua muda ambao hakuna aliyeupima. Kisha koromo lilipungua, pumzi ikapata njia, na kope la kushoto likatikisika.

"Twende," alisema Kulthumu. Nguo yake ilikuwa imeharibika yote mbele. "Taya nitalishika mimi."

Walifika saa kumi jioni. Daktari aliyewapokea alikuwa kijana mwenye macho mekundu, naye inaonekana hakuwa amelala. Kulthumu alimsomea karatasi akiwa amesimama: alionekana mzima jana saa tisa na nusu alasiri, kulia hakuna nguvu, presha, amepaliwa na uji asubuhi, ametapika njiani mara moja, haelewi Kiswahili lakini anafuata maagizo kwa Kimakua.

"Hilo mmelijuaje?" aliuliza daktari.

"Dereva."

Daktari alimtazama Saturnini, akaandika. Ausi alimwuliza kama atapona. Daktari hakumdanganya. Alisema wataishusha presha kidogo kidogo, watamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, watamlisha kwa mpira, na kwamba siku tatu hizi ndizo zitakazosema. "Kufungua kichwa hatuwezi," alisema. "Kumwangalia tunaweza."

Saturnini alirudi Ruangwa akiufuata mwezi. Catherine alimwekea maji ya moto na ugali uliokuwa umeshapoa, akakaa akimtazama anavyoshindwa kutafuna. Saturnini aliposema, alisema bila kupanga. Alimwambia kwamba yeye si wa Nachingwea, kwamba alizaliwa ng'ambo, kwamba Kimakua ndicho alichoanza nacho.

"Najua," alisema Catherine.

"Unajua nini?"

"Ukiwa umechoka sana unaongea usingizini. Si Kimwera, si Kiswahili. Nilimwuliza mwanamke mmoja wa Masasi, nikamwigizia. Akaniambia ni Kimakua, mtu huyo anamwita Luzia." Aliuvuta ugali upande wake, akaanza kuula. "Mwanzoni nilidhani ni mwanamke wako."

Saturnini alicheka, kicheko kifupi cha pua, kisha akalala pale pale mezani na viatu vyake.

Siku tatu zikapita, Bi Mwamini hakufa. Juma la pili Saturnini alipeleka mgonjwa mwingine, akapita wodini. Wauguzi walimvamia: walikuwa wanashindwa kujua mama huyo anataka nini. Basi alikaa na Ausi kando ya kitanda, wakaandika kwenye daftari la shule: geuka, inauma wapi, njaa, choo, kunywa pole pole. Ausi alikuwa mzito wa ulimi. Aliyasema maneno kama anasukuma gogo, na mama yake alimtazama kwa uso wa nusu, mara anaelewa, mara anageukia ukuta. Kuna siku alimpiga Ausi kibao dhaifu cha mkono wa kushoto kwa sababu alilikosea neno la choo likawa kitu kingine, na muuguzi mmoja akacheka mpaka akatoka nje.

Kiswahili kilianza kurudi juma la nne, vipande vipande. Jina la Raudha lilirudi kabla ya la Ausi, jambo lililomuumiza Ausi. Mkono wa kulia haukurudi. Mguu ulirudi kiasi cha kukokotwa.

Siku mama aliporuhusiwa, Ausi alimwomba Saturnini awapeleke Nambilanje. Saturnini alimweleza kwamba gari la wagonjwa linaleta watu, halirudishi; hiyo ndiyo sheria na siku hiyo pia kulikuwa na mtoto wa kuwahishwa Lindi. Alimwona Ausi alivyokunja uso, akaona haya kuiacha hivyo. Alizunguka stendi mpaka akampata Eusebio, dereva wa lori la korosho aliyekuwa anakwenda tupu kuchukua magunia, akambembeleza ampe mama kiti cha mbele. Eusebio alikubali kwa kununa.

Walimpandisha watatu. Alipokaa, Saturnini alimkunjia khanga nyuma ya mgongo, akamwambia kwa Kimakua kwamba njia ni mbaya, avumilie. Bi Mwamini alimshika kidole kwa mkono ulio mzima, akamwuliza, taratibu, kwa Kiswahili kilichokwama katikati:

"Wewe... wa wapi?"

Akamtajia kijiji alikozaliwa. Hakuwa amekitaja kwa mtu yeyote kwa miaka mingi, na alikitaja kwa sauti ya kawaida tu, Eusebio amewasha injini na wapiga debe wanapiga kelele. Mwanamke alifikiri. Akatikisa kichwa kwamba hakijui.

"Ni mbali," alisema Bi Mwamini.

"Mbali, mama."

Lori likaondoka. Saturnini alisimama mpaka vumbi limtue mwilini, kisha akaenda kumtafuta huyo mtoto wa kuwahishwa.